Stelingi Hafi: Hukumu ya Mshabiki wa Sinema na Katuni kama Uhakiki, kwa Kurejelea Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza vigezo ambavyo mshabiki wa sinema za mashujaa, katuni na simulizi za sauti huvitumia anapozihukumu kazi hizo kwa Kiswahili. Yanadai kwamba vigezo hivyo ni vya kihakiki, na kwamba sinema iliyotafsiriwa kwa sauti inastahili kuchunguzwa kama masimulizi. Mapokeo ya Ufipa yanatumiwa kupima dhana ya shujaa inayosambazwa na sinema hizo.

Mshabiki wa sinema katika mji wa Sumbawanga, kama mwenzake wa Mbeya au Tandale, haulizi kwanza sinema imeongozwa na nani. Huuliza imetafsiriwa na nani. Swali hilo limepuuzwa katika idara za Kiswahili kwa sababu linaulizwa katika vibanda umiza na katika maduka ya kunakilia muvi kwenye flashi, si katika kumbi za mihadhara. Hata hivyo, ndani yake mna nadharia nzima kuhusu mwenye kazi ni nani: aliyeitengeneza, au aliyeisema mbele ya hadhira.

Istilahi ya kwanza ya kuzingatiwa ni *stelingi*. Neno hili limetokana na neno la Kiingereza linalotangulia majina ya waigizaji mwanzoni mwa sinema. Kiswahili kimelichukua tangazo hilo na kuligeuza kuwa nomino ya mtu, yenye upatanisho wa kiumbe hai (*stelingi kafika*) na wingi wa *mastelingi*. Mabadiliko ya namna hii si jambo la ajabu katika ukopaji. Jambo la kuvutia ni kwamba mshabiki hakuridhika na *shujaa*, neno alilokuwa nalo tayari. Shujaa hupimwa kwa matendo yake, ilhali stelingi hupimwa kwa nafasi yake katika msuko. Mwoga anaweza kuwa stelingi. Shujaa anaweza kufa katika dakika ya kumi bila kuwa stelingi hata kidogo. Wahakiki hutumia *mhusika mkuu* kwa kazi hiyo, lakini istilahi yao haibebi sharti lolote. Ile ya mshabiki inalo: stelingi hafi. Hiyo ni kanuni ya utanzu, na inaeleza kwa maneno mawili jambo ambalo wanafunzi wa umuundo hulitafuta kwa kurasa nyingi.

Kanuni hiyo ina chanzo cha kibiashara. Superman, aliyechapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, aliuawa na wachapishaji wake mwaka 1992 na kurejeshwa mwaka 1993, kwa kuwa bidhaa inayouzwa kila mwezi haina kaburi la kudumu. Fumo Liyongo yuko upande mwingine kabisa. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Liyongo ana nguvu zipitazo za binadamu na ana sehemu moja tu ya kumdhuru, kitovu, ambacho hudhurika kwa sindano ya shaba. Mshabiki yeyote wa leo angeutambua mpango huo mara moja. Asichokitarajia ni kwamba sindano inapiga na Liyongo anakufa kweli, kwa mkono wa mwanawe. Kwa hiyo wanaodai kwamba Liyongo ni Superman wa Waswahili, kauli inayosikika mara kwa mara katika semina, wanalinganisha misuli na kusahau mwisho. Liyongo ni shujaa, si stelingi. Ni kweli kwamba mfululizo wa Avengers ulimuua Iron Man mwaka 2019, na hapo kanuni ilivunjwa. Lakini hata kifo hicho kiliwekwa mwishoni mwa sinema nyingi, baada ya faida kupatikana.

Kuhusu *kutafsiri*, matumizi ya mshabiki yanagongana na vitabu vya kiada. Mwansoko na wenzake (2006) wanaihusisha tafsiri na maandishi na kuyaacha mazungumzo kwa ukalimani. Mtafsiri wa sinema haingii katika chumba chochote kati ya hivyo viwili. Sauti asilia hupunguzwa. Mtu mmoja huwasemea wahusika wote, wake kwa waume, hueleza kinachoonekana, huonya kitakachotokea, na huweka mzaha wake. Krings (2015) ameijadili kazi ya Lufufu, mmoja wa waasisi wa sanaa hii Dar es Salaam, na akaonesha kwamba kinachofanyika ni kuifanya sinema ya kigeni kuwa ya wenyeji. Hoja hiyo inakubalika, ila inaishia kwenye utamaduni na kuiacha lugha.

Sarufi ya usimulizi huu inastahili kuangaliwa. Msimulizi wa ngano hutegemea *-ka-*: akaenda, akamkuta, akamwambia. Kiambishi hicho huyapanga matukio ambayo msikilizaji hayaoni. Mtafsiri wa sinema hana haja nacho, kwa kuwa picha yenyewe inapanga matukio. Anachohitaji ni njeo ya kuambatana na picha na njia ya kuipita. Ndiyo maana usemi wa aina ya *Anaingia ndani, hajui kwamba jamaa keshafika* unaifaa sana kazi hii: *-na-* inakwenda sambamba na jicho, na *kesha-* inampa msikilizaji ujuzi ambao stelingi hana. Taharuki hapa inajengwa na njeo, wala si kamera peke yake. Mtafsiri dhaifu hubaki kwenye *-na-* tangu mwanzo hadi mwisho, akitaja yale ambayo kila mtu ameyaona. Mshabiki humkataa bila kuijua sababu ya kisarufi, na hukumu yake ni sahihi.

Mulokozi (1989) aliitambua fasihi simulizi kwa muktadha wake: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Kibanda umiza kinavyo vyote, isipokuwa kwamba fanani mara nyingi yumo katika rekodi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini si jipya. Jaribio la sinema za elimu lililofanyika Tanganyika kati ya 1935 na 1937, makao yake yakiwa Vugiri katika Usambara, lilizungusha sinema zilizoambatana na maelezo yaliyorekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Kwa hiyo sauti ya Kiswahili iliyobandikwa juu ya picha ina umri wa takriban miaka tisini. Tofauti ni kwamba ya Vugiri ilikuja kufundisha, na ya leo inakuja kwa sababu hadhira imeilipia.

Katuni zinaweza kupitiwa kwa ufupi zaidi. Kutoka Juha Kalulu wa Edward Gitau nchini Kenya hadi Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa gazeti la *Sani*, katuni ya Kiswahili imemhusudu mjanja na mzembe kuliko mwenye nguvu, na hilo linaieleza sehemu ya mshangao wa mshabiki anapokutana na mashujaa wa Marekani. Manga za Kijapani zina fumbo lao: husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo ambalo lisingemtatiza msomaji wa tenzi kwa hati za Kiarabu kule Lamu, lakini linamchelewesha msomaji aliyerithi hati za wamisionari. Tena, sauti za matukio katika manga huchorwa ndani ya picha. Kiswahili, chenye hazina ya *chubwi*, *puu* na *pyuu*, kingeweza kuzijibu moja kwa moja, na mfasiri anayeziacha bila kuzigusa amepoteza nusu ya ukurasa. Ama vitabu vya sauti, mshabiki huvipima kwa kipimo kilekile cha kibandani: huyu anasoma au anasimulia? Wengi wanasoma tu.

Ufipa una la kusema hapa. *Black Panther* ya mwaka 2018 inaonesha ufalme wa Kiafrika wenye madini ya ajabu na kiti kinachogombewa kwa mapigano kwenye maporomoko ya maji. Mtazamaji wa Sumbawanga anaishi katika uwanda wa juu ambao wenyeji wake walifua chuma katika tanuri refu za udongo, na ambao mpakani kwake na Zambia mto Kalambo unaanguka zaidi ya mita 200. Mandhari inafanana, kiti hakifanani. Masimulizi yanayojulikana zaidi ya Milansi yanaeleza kwamba mfalme alikwenda kuwinda, wageni wanawake wakaja, wakakalia kigoda chake, na aliporudi aliwaachia nchi akabaki na Milansi yenyewe. Hapana pigano. Mamlaka yanahama kwa kuketi na kwa kukubali. Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliupa mkusanyo wake wa sanaa ya masimulizi ya Wafipa (1978) jina lenye maana ya "palikuwa na mtu mmoja", mtu asiye na jina. Shujaa wa Marvel ana majina mawili, la nyumbani na la barakoa.

Sinema hiyo ilikipa Kixhosa nafasi ya lugha ya Wakanda, mchango wa mwigizaji John Kani uliokwisha kuonekana mwaka 2016. Kiingereza na Kixhosa vinapishana, na kupishana huko kuna maana: mhusika anabadili lugha anapobadili upande. Mtafsiri anayevimimina vyote viwili katika Kiswahili kimoja cha mtaani anaufuta mpaka huo. Angeweza kuulinda kwa rejista mbili, kwani Kiswahili kinazo za kutosha. Hapa ndipo sifa anazomiminiwa zinapohitaji kupunguzwa. Kiswahili chake ni cha Dar es Salaam, mizaha yake ni ya Manzese, na hadhira ya Sumbawanga inacheka mji ambao wengi wao hawajaufika. Kifipa, lugha ya M13 katika uainishaji wa Guthrie, hakina mtafsiri wa namna hiyo. Jioni iliyokuwa ya ngano za nyumbani inakwenda kwa sauti yenye mvuto zaidi, na inayowavuta ni Kiswahili, lugha ambayo jarida hili lipo kwa ajili yake. Taaluma inayoshangilia kuenea kwa Kiswahili katika vibanda hivyo inapaswa kuitaja gharama hiyo kwa jina.

Wakati huohuo rekodi zenyewe zinapotea. Kwa kuwa nyingi zimetengenezwa bila idhini ya wenye sinema, hakuna maktaba ya chuo inayoweza kuzipokea kwa utulivu, na muuza duka huifuta flashi mteja mwingine anapotaka muvi mpya. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kulinganisha tafsiri mbili za sinema moja, jambo ambalo mshabiki hulifanya kila wiki akiwa amesimama kwenye kaunta, hana pa kuzipata isipokuwa kwenye kaunta hiyohiyo.