Kuzimika, Kujizima na Kuzimwa: Uhakiki wa Lugha ya Maelezo ya Amplifaya

Miongoni mwa maandishi ambayo wanaistilahi huyapuuza, karatasi ya maelezo inayofungwa pamoja na chombo cha dukani ndiyo ya kwanza. Haihesabiwi kuwa fasihi wala haitahiniwi shuleni. Hata hivyo, kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga au mvuvi wa Liuli aliyenunua redio yenye amplifaya baada ya mauzo ya msimu, huenda hiyo ndiyo tafsiri pekee atakayoisoma kwa nia ya kutenda papo hapo yale inayoyasema. Yastahili basi kuhakikiwa kwa makini yale yale tunayoyatumia kwa kitabu.

Haja hiyo imekua. Mwaka 2018 Mkoa wa Ruvuma uliunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 itokayo Makambako hadi Songea. Kabla ya hapo mkoa ulitegemea hasa jenereta za dizeli. Umeme ukiingia, vyombo huufuata, na vyombo huja na maneno yao.

Tuchukue hitilafu moja iliyo ya kawaida: amplifaya huwashwa, hulia kwa muda, kisha hunyamaza na taa yake kuzima. Tuseme mfasiri ameandika hivi: "Kama mpokeaji anazima, angalia kipaza sauti na ulinzi." Sentensi hii fupi ina makosa manne, na kila kosa lina gharama yake.

Kosa la kwanza ni la ngeli. "Mpokeaji" ni mtu. Chombo chastahili kiambishi cha ki-, nasi tunalo neno "kipokezi" kwa ile sehemu inayonasa mawimbi ya stesheni. Sehemu inayoongeza nguvu ya sauti ni amplifaya, na ndiyo yenye hitilafu tunayoizungumzia.

Kosa la pili ni la kitenzi, nalo ndilo zito kuliko yote. "Kuzima" peke yake hakutuambii nani katenda. Kiswahili kimetupa maumbo matatu yanayotofautisha jambo hili waziwazi. Chombo huzimwa pale mtu anapobonyeza swichi. Chombo huzimika pale nguvu inapokikosa: umeme umekatika, au volteji imeshuka jioni nyumba zote zinapowasha taa, hasa zile zilizo mbali na transfoma. Chombo hujizima pale sakiti yake ya kinga inapotambua hatari na kukata umeme kwa makusudi. Kiambishi -ji- hapa hakikuwekwa kwa urembo, kwani kinamjulisha msomaji kwamba chombo bado kina uhai na kinajiokoa. Mwenye chombo akielezwa tu kwamba "kinazima", aghalabu atadhani fyuzi imekufa, na pengine ataweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya mahali pake. Hapo neno pungufu limekaribisha moto ndani ya nyumba.

Kosa la tatu ni "kipaza sauti". Neno hili limebebeshwa mizigo mitatu: kile kinachosemewa, kile kinachokuza sauti na kile kinachoitoa. Katika habari ya mkutano wa hadhara halina madhara, kwa kuwa muktadha humsaidia msomaji. Katika maelezo ya ufundi humpeleka mtu kushika waya usiohusika. Yafaa tuseme maikrofoni, amplifaya na spika. Wako watakaolalamika kwamba maneno haya ni ya kigeni. Jibu ni kwamba fundi wa Mbinga mjini na fundi wa Lituhi husema spika, na mteja huwaelewa. Istilahi hupimwa kwa kuuongoza mkono mahali panapotakiwa.

Kosa la nne ni "ulinzi", neno linalomkumbusha msomaji askari na mgambo. "Kinga" ni fupi, linafahamika hospitalini, na dhana yake ndiyo hiyo hiyo: mwili kujihami dhidi ya dhara.

Mhakiki anayebomoa hana budi kujenga. Maelezo hayo yangeweza kuandikwa hivi:

"Amplifaya ikijizima, usiiwashe tena na tena. Chomoa plagi ukutani, kisha ondoa nyaya zote za spika. Rudisha plagi na uiwashe, sauti ikiwa chini kabisa. Ikibaki inawaka, kasoro imo katika spika au nyaya zake: tazama kama nyuzi za waya mmoja zimegusa wa pili. Chomoa plagi tena kabla ya kurudisha kila spika, moja baada ya moja, hadi ile yenye kasoro ijulikane. Ikijizima hata bila spika, kasoro imo ndani, mpelekee fundi. Ikijizima baada ya muda mrefu tu, imepata joto: iondoe kabatini, usiifunike kitambaa, safisha vumbi kwenye matundu yake. Usiunge spika zenye ukinzani mdogo kuliko ulioandikwa nyuma ya chombo. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, ukinzani wao wa pamoja huwa omu 4."

Neno "ukinzani" linamtosha mtumiaji wa nyumbani. Ubainishaji zaidi uachiwe vitabu vya fizikia. Hakuna neno hapo lililobuniwa upya. Yote yamo tayari, mengine katika vitabu vya shule, mengine midomoni mwa mafundi, na mengine katika sarufi yetu wenyewe.

Kwa hiyo walimu wanaofundisha kauli za vitenzi wangefanya vyema kuitumia mifano hii darasani, na maofisa wanaopokea tafsiri za vyombo wasiidhinishe karatasi yoyote yenye "kuzima" pasipo kuuliza: nani amezima?