Rambirambi kwa Aliyesoma Nawe: Usuhuba wa Shule na Maombolezo katika Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ

Ikisiri

Riwaya ya Mariama Bâ, Une si longue lettre (1979), ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii, imezoeleka kusomwa kama hoja dhidi ya ndoa ya mitala. Makala hii inaisoma kama mazungumzo ya msiba baina ya wanawake wawili waliosoma pamoja. Inadai kwamba riwaya hii inapima rambirambi kwa kumbukumbu ambazo mtoaji na mpokeaji wanazishiriki, na kwamba kwa kipimo hicho hasara ya Binetou, msichana aliyeondolewa shuleni ili aolewe, ni kubwa kuliko inavyoonekana mara ya kwanza. Mwishoni makala inaeleza umuhimu wa usomaji huu kwa ufundishaji wa fasihi na kwa sera ya elimu ya wasichana katika nchi zetu.

Utangulizi

Mariama Bâ (1929–1981) alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwandishi, na yeye mwenyewe alisomea ualimu katika shule ya wasichana ya Rufisque, nchini Senegali. Riwaya yake ya kwanza ilipata Tuzo ya Noma mwaka 1980, ambao ulikuwa mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo kutolewa. Umbo lake ni la barua. Ramatoulaye, mwalimu mwenye watoto kumi na wawili, amefiwa na mumewe, Modou Fall, baada ya miaka thelathini ya ndoa. Akiwa katika eda ya miezi minne na siku kumi, anafungua daftari na kumwandikia Aissatou, rafiki yake tangu utotoni, ambaye sasa anafanya kazi katika ubalozi wa nchi yao huko Marekani.

Jambo dogo la mwanzo wa riwaya halina budi kuzingatiwa. Barua hii ni jibu. Aissatou amekwisha kutuma ujumbe mfupi, nasi hatuonyeshwi maneno yake. Rambirambi fupi, isiyosomwa na yeyote isipokuwa mfiwa, inajibiwa kwa kitabu kizima. Swali linaloongoza makala hii ni hili: ujumbe huo mfupi umewezaje kuzaa jibu refu kiasi hicho, ilhali umati wote uliojaa nyumbani kwa mfiwa haukupata jibu lolote la maana?

Rambirambi mbele ya umati

Sura za mwanzo zinaeleza mazishi na siku zinazofuata. Waombolezaji wanakuja kwa wingi. Siku ya tatu wanazidi. Ramatoulaye anaketi pamoja na Binetou, mke mwenza aliyeolewa miaka mitano tu iliyopita, na mawifi wanawapa wote wawili heshima iliyo sawa, kana kwamba miaka thelathini na miaka mitano vina uzito mmoja. Pesa zinatolewa hadharani. Msimulizi anakumbuka kwamba zamani wafiwa walisaidiwa kwa nafaka, mifugo, mafuta na maziwa. Sasa noti zinaonyeshwa mbele ya macho ya watu, na kila mmoja anatazama mwenzake ametoa kiasi gani. Hatimaye ukoo wa marehemu unaondoka na fungu nono, na wajane wanabaki wakiwa hawana hata mahitaji ya kawaida.

Msomaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kuielewa hali hii, kwa sababu neno lenyewe limeibeba. Rambirambi ni maneno ya kumpa pole aliyefiwa. Nchini Tanzania ni pia fedha anazopewa. Neno makiwa, linalotokana na ukiwa, limebaki upande wa maneno na hali ya moyo. Mfasiri anayekutana na ukurasa huu wa Bâ anapaswa kuchagua, na kila chaguo ni hukumu. Akisema rambirambi, pesa na pole zinakaa katika neno moja, kama zinavyokaa katika ua wa Ramatoulaye. Akisema makiwa, anaupatia msiba heshima ambayo tukio lenyewe limekwisha kuipoteza.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudai kwamba Bâ anakataa desturi ya matanga. Ramatoulaye anakaa eda yake kwa utiifu. Anapokea wageni na kutimiza kila kinachotakiwa. Anacholalamikia ni kwamba taratibu zimekamilika na hakuna aliyesema lolote kuhusu maisha yake na marehemu. Yalikwisha kumpata hayo kabla. Siku Modou alipomwoa Binetou, wageni watatu, akiwemo imamu, walimjia na habari hiyo wakiwa wameivika maneno ya majaliwa ya Mungu, naye akawapokea kwa adabu na kuwashukuru. Habari ya ndoa ilimfikia kwa namna habari ya kifo inavyomfikia mtu, na hakupewa nafasi ya kulia.

Habari zinazojulikana

Sasa tuje kwenye ugumu unaomkabili kila msomaji makini. Sehemu kubwa ya barua inamweleza Aissatou mambo anayoyajua vizuri: shule waliyosoma pamoja, mwalimu mkuu Mzungu aliyewataka wavuke mipaka ya mazingira yao, wasichana waliotoka sehemu mbalimbali za Afrika Magharibi iliyotawaliwa na Ufaransa. Inamweleza hata ndoa yake mwenyewe Aissatou na daktari Mawdo Bâ. Inamweleza jinsi mama mkwe, Shangazi Nabou, mwenye fahari ya ukoo wa kifalme, alivyomdharau kwa kuwa ni binti wa sonara, akamlea Nabou mdogo na kumwoza mwanawe. Ramatoulaye anafikia hatua ya kunakili barua ya talaka ambayo Aissatou aliiandika kwa mkono wake. Nani humsomea mtu barua aliyoiandika mwenyewe?

Jibu jepesi ni kwamba mwandishi alihitaji kumjulisha msomaji wa nje. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Katika jamii nyingi za Waswahili, anayekwenda kuhani huuliza ugonjwa ulianzaje, marehemu alisema nini, nani alikuwapo. Mfiwa husimulia. Akija mwingine, husimulia tena, hata kama mgeni amekwisha kusikia yote njiani. Hakuna anayemkatiza kwa kusema kwamba habari hiyo anayo. Kusimulia kinachojulikana ni sehemu ya kazi ya msiba, kwa kuwa anayesimuliwa anakubali kubeba sehemu ya mzigo.

Lakini utaratibu wa usimulizi wa Ramatoulaye una jambo la ziada. Kisa cha Aissatou kinasimuliwa kwanza, ndipo kinafuata kisa cha Ramatoulaye na Binetou. Mfiwa anaweka jeraha la mwenzake mbele ya jeraha lake. Aissatou aliondoka na watoto wake wanne wa kiume, akasomea ukalimani na kuanza maisha mapya. Ndoa iliyovunjika haina matanga. Hakuna aliyemjia na mkeka wala na maneno ya pole. Barua ya Ramatoulaye, miaka mingi baadaye, inalifanya jambo hilo. Kwa hiyo yule aliyepaswa kupokea rambirambi ndiye anayezitoa, na barua inakuwa ya pande mbili: Aissatou anampa pole mjane, mjane anampa pole mtalaka.

Katika mwanga huo, gari aina ya Fiat 125 ambalo Aissatou alimnunulia rafiki yake halibaki kuwa ishara ya maendeleo peke yake. Ramatoulaye alikuwa ameachwa, akihangaika katika usafiri wa umma. Rafiki alisoma shida hiyo katika barua, akaitatua kutoka mbali. Ni mali, kama zilivyo mali zile noti za mazishini. Tofauti ni kwamba ilitokana na kusoma habari za mtu na kuzielewa.

Wanadarasa wawili wengine

Riwaya ina jozi nyingine ya wanafunzi waliosoma pamoja, na hapa ndipo uzito wa hoja yetu ulipo. Binetou alikuwa rafiki wa Daba, binti mkubwa wa Ramatoulaye. Walikuwa wakijiandaa pamoja kwa mtihani wa mwisho wa sekondari, na Binetou alikuwa akija nyumbani humo kusoma. Mama yake, akivutiwa na utajiri wa Modou, alimshinikiza aolewe. Modou naye akamwachisha masomo.

Tuiweke jozi hii kando ya ile ya kwanza. Modou anapokufa, wajane wawili wanaketi katika msiba mmoja. Mmoja ana mtu wa kumwandikia. Mwingine, ambaye kwa umri ni mwenziwe Daba, hana, kwa sababu mwanadarasa ambaye angemwandikia amegeuzwa kuwa binti wa mke mwenza. Daba mwenyewe analisema jambo hili waziwazi anapomtoa mama yake Binetou katika nyumba: anamkumbusha kwamba alikuwa rafiki mkubwa wa binti yake, na kwamba ni mama huyo aliyemfanya binti huyo kuwa mpinzani wa mama wa rafiki yake. Maneno hayo husomwa kama kisasi. Yanafaa kusomwa pia kama tanzia ya urafiki.

Tunapohesabu hasara ya msichana anayeachishwa shule, tumezoea kutaja cheti, ajira na kipato. Bâ anaongeza kipengele ambacho hakimo katika majedwali yetu: msichana huyo anapoteza watu wa rika lake ambao, miaka thelathini baadaye, wangejua afiwapo ni nani aliyefiwa.

Mipaka ya duara

Usomaji huu hauwezi kukamilika bila kuhoji riwaya yenyewe. Binetou hapewi nafasi ya kusema. Ramatoulaye anamhurumia, anamwona kama mwanakondoo wa kafara, lakini hamwandikii wala hamzungumzishi katika msiba wanaoushiriki. Farmata, jirani wa ukoo wa wasimulizi wa jadi, anayemjali mfiwa kwa dhati na kuzungumza bila kuficha, mara nyingi anachorwa kama msumbufu. Anabeba barua ya Ramatoulaye ya kumkatalia Daouda Dieng akiwa hajui kilichomo. Daraja linaonekana: walioandikiana wamo ndani ya duara, na wasioandika wako nje, hata wakiwa karibu zaidi kimwili.

Utamaduni wetu unaothamini mguu wa anayekuja kuhani kuliko karatasi yake una haki ya kuisuta riwaya katika hili. Usuhuba wa shule ulimwokoa Ramatoulaye, lakini pia ulimfundisha kutafuta faraja kwa aliyesoma kama yeye tu. Bâ analionyesha tatizo hilo; sioni kwamba analitatua.

Dalili ya njia nyingine imo katika jina. Binti mmoja wa Ramatoulaye anaitwa Aissatou, jina la rafiki. Kiswahili kina neno moja, somo, kwa mtu mnayeshiriki jina, kwa mwandani anayemfunda msichana, na kwa kitu kinachofundishwa darasani. Binti huyo anapopata mimba akiwa bado mwanafunzi, Ramatoulaye anakasirika, kisha anamkumbatia, huku akitambua kwamba kanuni za shule zitamfukuza binti na kumwacha mvulana aendelee. Kitendo cha kumkumbatia kinaleta ndani ya nyumba ile huruma ambayo hadi hapo ilikuwa imehifadhiwa kwenye daftari.

Hitimisho

Riwaya inaisha Aissatou akiwa njiani kuja, hatuwaoni wakikutana. Tunachoachiwa ni ushahidi kwamba rambirambi ina nguvu pale inapotoka kwa anayeijua historia ya mfiwa, na kwamba shule ni mojawapo ya mahali ambapo historia hiyo hujengwa.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo mawili yanapendekezwa. La kwanza linahusu ufundishaji. Katika Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, na vilevile Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wapo wanafunzi wanaoweza kuisoma riwaya hii kwa Kifaransa na kwa Kiswahili bega kwa bega. Misamiati ya msiba pekee, yaani rambirambi, makiwa, tanzia, kuhani na eda, inatosha kuwa somo zima la tafsiri. La pili linahusu sera. Novemba 2021 Tanzania ilitangaza kuwaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi katika shule za mfumo rasmi. Utekelezaji wa hatua za namna hiyo katika ukanda wetu upimwe pia kwa swali linaloulizwa na hali ya Binetou: je, msichana anaporudi, anarudi miongoni mwa wenzake, au anapewa dawati tu? Atakayerudishiwa dawati bila wenzake atapata cheti. Siku ya msiba wake, hatakuwa na wa kumwandikia.