Kiganja Kilichopinduliwa

Katika njia panda ya Havana, wilayani Hale, jimbo la Alabama, Marekani, palikuwa na kijumba cha mbao kilichoanza kama duka la shamba, kisha kikapangishwa kwa watabiri wanaosoma viganja. Walipohama waliliacha bango lao lenye mkono uliokunjuliwa, nalo likapachikwa dirishani, kichwa chini, kuzuia mvua mahali pa kioo kilichovunjika. William Christenberry alianza kukipiga picha kijumba hicho mwaka 1961 kwa Brownie, kamera sahali aliyopewa utotoni. Kwa miongo kadhaa alikuwa akirudi Hale, kiangazi baada ya kiangazi.

Kabla yake alipita Walker Evans, aliyefika wilaya hiyo hiyo mwaka 1936, ndio mwaka aliozaliwa Christenberry, akiwa na mwandishi James Agee. Kitabu chao kilitoka mwaka 1941. Evans aliyapenda mabango kwa herufi zake. Aliyakabili uso kwa uso, kwa kamera kubwa ya miguu mitatu, hata kila ufa wa rangi ukasomeka. Ni picha tukufu, lakini kila moja ni ubeti pekee. Uzeeni mapenzi hayo yalivuka mpaka: aliyang'oa mabango yenyewe, na mwaka 1971 yakatundikwa kando ya picha zake katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale. Bango lililong'olewa njiani halichakai tena, limekuwa pambo. (Christenberry naye alikusanya yake, wala hasafishiki kwa hilo.)

Kazi ya Christenberry iko karibu zaidi na kibwagizo. Maneno ni yale yale, ila beti zilizopita katikati zimeyageuza maana. Rangi inabanduka, ukuta unainama, magugu yanapanda; mwishowe picha yaonesha miti na mahali tu.

Wapo wanaolalamika kwamba uzuri wa kutu ni anasa ya mpita njia, na kwamba wakulima maskini wa Hale, waliolima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, hawamo katika picha hizo. Lawama ni nzito, na picha nyingi za mabango yaliyochakaa haziwezi kuijibu. Hii ya kiganja yaijibu. Aliyelipachika bango lile hakujali maandishi yake wala rangi zake: alihitaji ubao, mvua ilikuwa ikiingia.