Walihesabu Wafu Wakaita Ushindi

Tuanze na 1992, maana kosa liko pale na kulizunguka ni kupoteza muda. Mwaka huo Wadenmark, mabingwa wa mbegu ya nguruwe, waliingiza katika lengo la kuchagua wazazi wa Landrace na Yorkshire idadi ya watoto wote wanaozaliwa. Narudia: wote. Aliye hai, aliyetoka mfu, na yule wa gramu 700 ambaye hafiki asubuhi, kila mmoja alimpa mama yake alama ileile. Hapa kwetu Lubumbashi, Kamalondo, kwenye uwanja wa timu ya Mazembe, mtu akihesabu kila shuti kuwa bao atazomewa mpaka barabarani. Kule walihesabu hivyo miaka 12, kwa kompyuta, na wafugaji wa nchi nyingine wakaona wivu.

Wenye mazizi mnajua kilichofuata. Vinasaba vinavyoongeza mimba tumboni vina undugu na vile vinavyoongeza wafu na vifo vya siku za mwanzo. Tumbo la koo halikutanuka kwa kasi ya karatasi za wataalamu. Mimba nyingi ziligawana nafasi ileile na damu ileile, watoto wakatoka wepesi na wasiolingana, huyu kilo moja na nusu, ndugu yake hafikii nusu ya hapo. Uchungu ukarefuka, wa mwisho wakatoka wamekosa hewa. Kisha chuchu 14, midomo 18. Aliyepanga hesabu hiyo alitegemea nani anyonyeshe?

Na mtoto wa nguruwe hana akiba ya kuchezea. Mafuta ya kahawia, yale yanayompa mtoto mchanga wa binadamu joto, yeye hana; kinasaba chake cha kazi hiyo kiliharibika kwa mababu zake mamilioni ya miaka iliyopita. Akizaliwa anataka joto la nyuzi 34 hivi. Kinga nayo haipiti kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo maisha yake yote yako kwenye dang'a ya saa 24 za kwanza, na akipata chini ya gramu 200 yuko hatarini. Mdogo huchelewa chuchu, hupoa, hujibanza kwa mama kutafuta joto, hulaliwa. Daftarini mnaandika “alilaliwa na mama”. Mimi naandika kwamba kifo chake kilipangwa siku dume na koo walipochaguliwa.

Mwaka 2004 Wadenmark walibadili lengo likawa watoto walio hai siku ya tano, na vifo vikaanza kushuka huku idadi ikiendelea kupanda. Kazi safi.

Utetezi wa zamani naujua, nimechoka nao: eti uhai wa mtoto haurithiki vya kutosha, mara nyingi chini ya asilimia 10, kwa hiyo chagua idadi na mengine mwachie mwenye zizi. Ajabu! Idadi ya watoto nayo hurithika kwa asilimia kama 10 tu, na mliisukuma mpaka ikawashinda. Uholanzi, utafiti wa Leenhouwers na wenzake wa 2002 ulionyesha kwamba watoto wenye damu ya kuishi si lazima wawe wazito zaidi. Wana glaikojeni nyingi zaidi kwenye ini, mafuta zaidi mwilini, na wamekomaa. Uingereza, Roehe na wenzake mwaka 2010 walipima nguruwe wanaozalia nje ya mabanda, wakakuta uhai unarithika kuliko ilivyodhaniwa ndani ya kuta na taa. Sisi wa mazizi ya wazi hilo linatuhusu kuliko Wadenmark.

Mkitaka kujua tulichopoteza, tazameni Ufaransa. Watafiti wa huko walipandisha Large White kwa mbegu iliyogandishwa ya madume ya 1977 na ya 1998, wakalinganisha watoto. Wa 1998 walizaliwa wazito zaidi lakini hawajakomaa sawasawa. Dume la 1977 lilishinda likiwa kwenye barafu. Na Meishan wa China, aliyeletwa Ufaransa mwaka 1979, huzaa watoto wengi, wadogo, wanaolingana, na wanaishi. Walimcheka kwa mafuta yake. Hao hao waliomcheka ndio bado wanaota makalio ya Piétrain, nguruwe wa Kibelgiji aliyebeba kinasaba cha kufa ghafla kwa mshtuko, kilichotambuliwa mwaka 1991. Kuchagua kwa macho, tena kwa macho yanayotazama nyuma!

Sasa turudi Lubumbashi. Koo wa watoto 18 alitengenezewa zizi lenye taa ya joto isiyozimika, mtu wa zamu usiku, na koo wengine wa kunyonyesha ziada. Juni na Julai yetu ina baridi kali alfajiri, shirika la umeme, SNEL, hukata umeme, na joto linabaki la mbabula ya makala. Kumsifu koo huyo kwa idadi aliyoangusha usiku ni kurudia 1992 bila hata kompyuta.

Kwa hiyo ndugu wafugaji, hesabu ya usiku wa kuzaa iandikeni, lakini isichague mtu. Siku ya tano hesabuni tena walio hai. Aliyebakiza 10 kati ya 11 mbele, aliyebakiza 9 kati ya 17 nyuma, na jike la kuzalisha litoke kwa yule wa kwanza, hata kama jirani anamcheka kwamba anazaa kidogo.