Mabishano ya Kiingereza na Mitihani ya Watoto Wetu

Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania iko desturi ya mdahalo. Wanafunzi hugawanyika pande mbili, mmoja huketi kuwa mwenyekiti, mwingine hutunza wakati, nao hubishana kwa Kiingereza juu ya neno walilopewa. Maneno yenyewe hayageuki sana mwaka hata mwaka: elimu ni bora kuliko mali, sayansi imemletea mwanadamu hasara kuliko faida. Mzazi wa Ipililo, mkoani Simiyu, akimsikia mtoto wake akinena Kiingereza mbele ya watu bila kutetemeka, hufurahi, naye ana haki ya kufurahi. Lakini furaha isituzuie kupima. Basi na tuupime mdahalo kama tupimavyo pamba: si kwa ukubwa wa gunia, bali kwa mizani.

Kwanza tuseme yaliyo mema. Mdahalo humwondolea kijana haya. Humfundisha kungoja zamu yake, kumheshimu mwenyekiti, na kukaa kimya mwenzake asemapo. Tena humpa kinywa cha kuitamka lugha ambayo nyumbani haisikii, maana nyumbani ni Kisukuma, na shule ya msingi ameisoma kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za serikali tangu mwaka 1967. Faida hizi si ndogo, wala hatutaki zipotee.

Sasa tuangalie kasoro. Sikiliza jinsi msemaji aanzavyo. Humsalimu mwenyekiti, humsalimu mtunza wakati, huwasalimu waalimu na wanafunzi wenzake, kila mmoja kwa cheo chake, hata dakika moja imekwisha. Kisha hutaja maana ya sayansi kama ilivyoandikwa kitabuni. Kisha huhesabu hoja: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha hushukuru na kuketi. Upande wa pili husimama, nao hufanya vivyo hivyo. Mmoja amesema dawa za hospitali zimeokoa watu. Mwingine husema bomu la mwaka 1945 liliua watu wa Hiroshima. Yote mawili ni kweli, lakini hakuna aliyemjibu mwenziwe. Ni kama watu wawili wapitao katika njia mbili, kila mtu na mzigo wake, wasikutane hata kidogo. Huo si ubishi. Ni kukariri kwa zamu.

Labda mtu atasema, “Haidhuru, mradi washinde mtihani.” Neno hili ndilo linipasalo kulipinga. Karatasi ya Kiingereza ya kidato cha nne huandikwa kwa kalamu, na msahihishaji hamwoni kijana wala hasikii sauti yake. Ana karatasi tu. Akiulizwa swali lililogeuzwa kidogo, yule aliyekariri huandika alichokariri, si alichoulizwa. Ushujaa wa kusimama mbele ya watu hauonekani katika karatasi. Kinachoonekana ni kama amelifahamu swali, na kama hoja yake ina mfano na sababu. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini juu ya karatasi halivumi.

Mifano tunayo wapi? Wanafunzi huitafuta mbali, na huku iko karibu. Mkoa wa Simiyu ulitengwa mwaka 2012, na kabla ya hapo Bariadi na Maswa zilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Katika nchi hiyo ya Usukuma, miaka ya utawala wa Waingereza, watu waliitwa na watemi wao wafyeke misitu ili kuwafukuza mbung'o, wadudu wauao ng'ombe na kuwaletea wanadamu malale. Uchunguzi wa mbung'o ulifanyika Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, hata alipofariki mwaka 1938. Mbung'o walipungua, watu na mifugo wakaenea. Lakini miti iliyokatwa haikurudi upesi, mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakazidi, na udongo ukachukuliwa na maji. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoitwa HASHI, ikadumu hata mwaka 2004. Nayo ilitegemea nini? Ilitegemea ngitili, desturi ya wazee wa Kisukuma ya kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua wakati wa kiangazi.

Hapo ndipo penye mdahalo wa kweli. Je, sayansi iliyofyeka misitu ilileta faida au hasara? Upande mmoja utasema iliponya mifugo na watu. Wa pili utasema iliacha nchi uchi. Wa kwanza atajibu kwamba si shoka la mbung'o peke yake, bali na mashamba na wingi wa ng'ombe. Wa pili atauliza mbona basi dawa yake ilipatikana katika desturi ya wazee wasiosoma. Hapo kila neno lamshika mwenziwe, na hakuna awezaye kuketi bila kufikiri.

Vivyo hivyo neno la elimu na mali. Kwa Msukuma mali ni ng'ombe. Ada ya kidato cha kwanza hata cha nne katika shule za serikali iliondolewa tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini sare, madaftari na nauli havikuondolewa. Baba auze mtamba mwanawe aende, au amweke azae? Swali hili huulizwa nyumbani na watu wasiojua Kiingereza, nao hulijadili vizuri kuliko wanafunzi, maana wanajua uzito wake.

Wako wasemao kwamba kosa lote ni la lugha. Hawakosi kabisa. Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kifundishie hata sekondari, na serikali ikakataa mwaka uliofuata. Mwaka 1984 wachunguzi wawili, Criper na Dodd, walionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kufuata masomo kwa Kiingereza. Mzigo huo ni wa kweli, na ambaye hana maneno hukimbilia kukariri, kama asiyejua kuogelea ashikavyo gogo. Lakini kukariri hakumfundishi kuogelea.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu, yasiyotaka fedha. Kwanza, kabla ya mdahalo wanafunzi walizungumze jambo kwa Kiswahili, na wawaulize wazee wa kijiji juu ya mambo waliyoyaona kwa macho; kuuliza si ujinga. Pili, mwalimu awape maneno machache ya Kiingereza yafaayo jambo lenyewe, kama udongo, malisho na ugonjwa, badala ya salamu ndefu. Tatu, pawe na sheria moja: mtu asitoe hoja yake kabla ya kulirudia neno la aliyemtangulia kwa maneno yake mwenyewe, na mwenziwe akubali kwamba amelirudia sawasawa. Kiingereza cha siku ya kwanza kitakuwa kibovu na kifupi. Mwalimu asichoke, wala wasikilizaji wasicheke.

Na wewe mzazi, mtoto akirudi kutoka mdahalo, usimwulize alisema kwa muda gani, wala kama alishangiliwa. Mwulize mwenziwe alisema nini, naye alimjibuje. Akishindwa kukueleza, bado hajabishana.