Boom ya Siku 60, Maisha ya Siku 75

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humhesabia mnufaika shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka 8,500. Fedha hizo, ambazo wanafunzi huziita boom, huingia kwa mikupuo, na kwa aliyepangiwa kiwango kamili mkupuo wa siku 60 unakuwa 600,000. Wapo waliopangiwa chini ya hapo, na kwao haya ninayoyaeleza yana uzito zaidi.

Ukiwa Morogoro, kwenye Sokoine, Mzumbe au vyuo vingine vya Mji Kasoro Bahari, utawakuta wanafunzi wawili waliosaini boom siku moja, kiasi kilekile, na kabla mkupuo wa pili haujaingia mmoja anakula mara tatu kwa siku huku mwenzake anapiga pasi ndefu hadi jioni. Watu hukimbilia kusema yule wa pili ni mfujaji. Mara nyingi sivyo. Aliyekwama alikosea siku, na aliyefika alizihesabu siku kabla ya kuzihesabu shilingi.

Kosa linaanzia kwenye ile 10,000. Mwanafunzi anaichukulia kama posho ya siku, anakula ya leo na kuisubiri ya kesho. Lakini mikupuo haifuatani kama tarehe za kalenda. Saini huchelewa, majina hurudishwa kwa sababu ya akaunti au matokeo, na tumbo halingoji. Wanaofanya vizuri huigawa boom ya siku 60 kwa siku 75 tangu siku inapoingia. Zile 15 za ziada ndizo zinazomwokoa mtu.

Kabla ya kugawa, toa kodi. Mabweni hayachukui wote, kwa hiyo wengi hupanga geto: Mazimbu, Kihonda, au Changarawe kwa walio Mzumbe. Tuchukue chumba cha 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anayetaka miezi sita kwa mpigo. Hiyo ni 360,000. Ukikaa peke yako, boom inabaki 240,000, na kwa siku 75 ni 3,200 kwa siku. Ukiwa na rumeti, kila mmoja anatoa 180,000, anabaki na 420,000, yaani 5,600 kwa siku. Hakuna punguzo lolote la sokoni litakalokupa tofauti ya 2,400 kila siku. Uamuzi mkubwa kuliko yote katika bajeti ya mwanafunzi ni nani analala kitanda cha pili, na uamuzi huo hufanywa wiki ya kwanza, wakati watu bado hawajafahamiana. Chagua rumeti anayekubali kuchangia sufuria. Wawili wanaopika kila mtu kivyake wamegawana paa tu.

Baada ya kodi kinakuja chakula kikavu, na hapa ndipo palipo na ujuzi wenyewe. Angalia mchele wa robo kwa robo, unga wa nusu kilo na mafuta ya kupima kwenye duka la jirani. Kila ununuzi ni mdogo, hauumi, lakini unalipia faida ya muuzaji kila jioni. Wawili wanaojua kazi yao huteremka Soko Kuu la Chifu Kingalu siku ileile boom inapoingia na kununua vya siku 75 kwa pamoja. Kwa mlo mmoja mkubwa wa nyumbani kila siku na uji wa asubuhi, kilo 15 za mchele, 25 za unga, 8 za maharage, dumu la mafuta la lita tano na sukari vinawatosha. Ongeza kujaza mtungi mdogo wa gesi mara mbili, na mkaa kidogo wa kuchemshia maharage, ambayo hulowekwa usiku kucha ili yasile moto. Kwa bei ya mfano, weka 100,000 kwa kila mmoja. Inauma kuzitoa siku moja. Lakini chakula kilichomo ndani hakikopeki na rafiki kwa simu, wala hakiishii kwenye chipsi mayai saa nne usiku.

Jambo moja la msimu. Mpunga wa Kilombero huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai, na ndipo bei hushuka. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba, bei ikiwa imeshaanza kupanda. Mzazi mkulima anayetuma gunia kwa basi hadi stendi ya Msamvu anamsaidia mwanawe kuliko yule anayetuma pesa ya gunia hilohilo miezi mitano baadaye.

Sasa kati ya 420,000 zimebaki 320,000. Weka 45,000 mbali kwa ajili ya homa, simu iliyoharibika, au msiba wa nyumbani. Zinabaki 275,000, na siku 75 ni kama wiki 11, hivyo ni 25,000 kwa wiki. Nasisitiza wiki kwa sababu siku hazilingani: Jumatano kuna kipindi hadi jioni, Jumamosi unafua na kupika. Katika 25,000 hizo, mlo wa mchana wa 2,000 kwa mama ntilie siku tano unachukua 10,000, mboga na matunda 5,000, nauli 4,000, bando 3,000, umeme wa LUKU na sabuni 3,000. Imeisha, hakuna cha kuchezea, lakini hakuna siku ya njaa. Hela ya vitabu na viandikio, 200,000 kwa mwaka, isiguswe hapa. Ikiingia kwenye chakula, wiki ya mtihani utakosa ya fotokopi.

Deni la dukani kwa Mangi, lenye daftari na sura ya mtu, halinitishi sana. Mikopo ya simu inanitisha. Ile ya kukopa 20,000 leo na kulipa kwa riba boom ikiingia inaanza kuila boom kabla haijafika, na boom yenyewe ni mkopo: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Turudi kwenye kodi, maana hesabu yake haijaisha. Wawili walewale, wakilipa mwezi kwa mwezi, kila mmoja angetoa 75,000 kwa siku zile 75, angebaki na 525,000, na 7,000 kwa siku badala ya 5,600. Chumba ni kilekile na bei ni ileile. Mwenye nyumba hapotezi shilingi. Nawaomba wenye nyumba wa Mazimbu, Kihonda na Changarawe wakubali kodi ya miezi miwili miwili, inayofuata mikupuo ya Bodi, na serikali za wanafunzi ziende kuzungumza nao kabla ya Oktoba, si baada ya vijana kushika funguo.