Hongera, Wachuma Chai wa Gusii

Mwaka 1638 mjumbe wa Urusi alirejea Moscow na chai, zawadi ya mtawala wa Wamongolia kwa Mfalme Mikhail Romanov. Baada ya mkataba wa Kyakhta wa 1727 kati ya Urusi na China, misafara ya ngamia iliileta kutoka China, na mafundi wa Tula wakafua samova, birika kubwa lenye bomba la makaa katikati. Leo Warusi hununua pia kwenye mnada wa Mombasa, inakouzwa chai ya Kisii na Nyamira, eneo la Gusii nchini Kenya.

Kwa hiyo nawapongeza akina mama wachumaji, kutoka Nyakoe hadi Nyamira: alfajiri, umande ukiwaloweshea aproni, wanachuma majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni. Ujuzi huo unastahili bei bora zaidi.